Mifuko Miwili ya Ardhi

Fundi akiingia mahali hakumwangalia mtu usoni. Aliangalia chini. Wasiomjua walidhani ana aibu, au kaangusha kitu. Mimi nilimjua kwa miaka kumi na moja, maana alikuwa mteja wangu wa chakula, na nasema hakuwa na aibu hata chembe. Alikuwa anapima. Kanisani anapima, msibani anapima. Siku ya kwanza alipoinama kuingia kwenye kibanda changu pale Makanyagio, kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu, alisema, "Mama, sakafu yako imelalia ndani. Maji ya mvua yatakufuata jikoni." Mwezi uliofuata yakanifuata jikoni.

Namwandika kwa sababu ya swali moja. Mume wangu alikufa chini ya Fuso, ndani ya gereji yake mwenyewe, nyuma ya kibanda changu, jeki ilipozama kwenye udongo. Gereji ile ingekuwa na sakafu ya zege kama huyu fundi asingekataa kuimwaga. Kwa miaka mitatu nilitaka kujua kama kukataa kule ndiko kulikomuua mume wangu. Hapakuwa na mwingine wa kuniambia ila yeye, na yeye hakuja. Mengine yote ninayoyajua juu yake ni mambo ya kawaida, nitayasema yanavyonijia.

Aliagiza nusu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwuzia sahani nzima. "Mama Jeska, nusu," anasema akiwa bado mlangoni. Ugali nusu, maharage, na dagaa kama wapo. Akimaliza anakaa kidogo, anajifuta mikono, anasema, "Haya, nusu nyingine." Nikamwuliza kwa nini asiagize nzima mara moja tukapumzika. Akasema sahani nzima inakulazimisha, nusu inakupa nafasi ya kufikiri. Vibarua wake wakacheka wakamwita Profesa. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa.

Kazi zake zilikuwa nyingi, lakini sifa yake mjini ilikuwa sakafu za gereji na za mabanda ya magari. Mtu akinunua lori, au akitaka mahali pa kulaza trekta, anaambiwa kamtafute yule mzee. Atakuja na futi, uzi, mambo nne, yaani vigingi vya mti, na kipande cha nondo chenye urefu wa mkono. Mafundi wengine wanapima urefu, wanapima upana, wanauliza unataka inchi ngapi, wanakupa idadi ya mifuko palepale. Yeye alikuwa anapigilia mambo kwenye pembe, anavuta uzi mpaka unalia, halafu anaanza kuzunguka ameinama, anapima kutoka kwenye uzi kwenda chini. Pembe nne, katikati, na kila mahali ambapo mguu wake ulishuka kidogo. Alikuwa anavua viatu kwa ajili hiyo. Nondo aliichoma ardhini kuona kama ni ngumu au ni kifusi cha juzi.

"Urefu unauona," alikuwa anasema, "na upana unauona. Kinachokula saruji ni kina." Shimo walimooga kuku vumbi, alisema, linakula karai mbili za zege na hakuna anayeliona mpaka siku ya kazi. Akishamaliza anaandika idadi ukutani kwa penseli ya seremala, tarakimu kubwa, ili kesho mwenye nyumba asiseme alisikia vingine.

Na juu ya hesabu aliongeza mifuko miwili. Ndogo au kubwa, sakafu zote miwili. Aliiita miwili ya ardhi. Ukimwuliza ya kazi gani, anasema ni ya kile ambacho wewe na yeye hamkukiona. Watu wengi walidhani miwili ile ni ya kwake, anaipakia kwenye baiskeli jioni. Kuna bwana mmoja wa Kibaoni, mfanyabiashara wa mpunga, alinunua yote kisha akaificha miwili chini ya kitanda amtege. Siku ya kumwaga, wamebakiza kipande cha mlangoni tu, zege likaisha. Fundi akasimama na mwiko mkononi, hakumwangalia yule bwana hata kidogo, akasema, "Miwili ya ardhi iko wapi?" Yule bwana akaingia chumbani akatoka na mfuko begani, umejaa vumbi la chini ya kitanda, mkewe nyuma yake anacheka mpaka anashika ukuta. Habari hiyo nilisimuliwa na vibarua, na kila mmoja aliisimulia tofauti, lakini kitanda kilikuwepo kila mara.

Mara nyingine alifundisha kwangu jikoni. Alikuja mwalimu wa sekondari amepiga hesabu kwenye simu: banda lake ni mita za ujazo tano kamili, basi anunue mchanga na kokoto, jumla mita tano, asipoteze hela. Fundi akaniomba kikombe cha maharage na kikombe cha mchele, vyote vikavu. Akavimimina pamoja kwenye sufuria, akavitikisa, akaanza kuvirudisha kwenye kikombe. Cha kwanza kikajaa. Cha pili hakikufika juu. Mwalimu akatazama, akachukua kikombe akavimimina tena mwenyewe, kama vile mzee kamfanyia mazingaombwe.

"Mchele umeingia kwenye nafasi za maharage," fundi akamwambia. "Mchanga nao unaingia kwenye kokoto. Ukinunua tano utamwaga tatu na kidogo. Halafu nyie mtasema fundi kaiba."

Mimi ndiye niliyebaki kuchambua mchele kwenye maharage. Hilo yeye hakulipima.

Kila mtu Tanzania anasema zege halilali, hata anayekwenda kuposa. Kwake ilikuwa amri. Hakuanza sakafu kama mfuko wa mwisho haujafika, kama mapipa ya maji hayajajaa, kama kibarua mmoja ana harusi mchana. Sakafu ni mwili mmoja, alisema. Ukiianza leo ukaimalizia kesho umeitia kovu, na gurudumu litalitafuta kovu hilo mpaka lilipate. Nilimwona mara moja amewafukuza vibarua saa mbili asubuhi kwa sababu kokoto zilipungua toroli kumi. Mwenye kazi alimbembeleza, akamwambia ziko njiani. Fundi akakunja uzi wake akasema, "Oya." Hiyo ni hapana ya Kirundi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini alipokataa alikataa kwa lugha ya kwao, na akishasema oya hata mchungaji hambadilishi.

Sasa, ukidhani mtu wa namna hii nyumbani kwake ni kama benki, hujafika. Mkewe aliwahi kuugua, nikampelekea uji kwao Magamba. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati zuri, na chini udongo mtupu. Mama yule alikuwa ameufagia mpaka unang'aa, ameumwagia maji usitimke, lakini udongo ni udongo. Nikamtania fundi, nikamwambia kinyozi kichwa chake hakinyolewi. Akasema hana gari. Nilipozidi kumcheka akasema, "Nikianza ya kwangu, mama Jeska, nitapima mpaka nife." Nilidhani ni mzaha. Siku hizi naona alikuwa anasema kweli, kwamba aliogopa. Mtu anayejua kila kitu kinavyopungua hawezi kuanza chake.

Basi, ile siku ya gereji.

Mume wangu alikuwa anatengeneza malori, hasa yale yanayoleta mpunga na mahindi kutoka Mpimbwe. Alikuwa amesimamisha nguzo, akaezeka, akajenga ukuta wa upande mmoja, chini bado udongo. Alikusanya saruji kidogo kidogo mpaka ikafika mifuko thelathini, akaipanga chumbani kwetu juu ya mbao. Akamwita fundi. Fundi akapima asubuhi nzima, miguu peku. Mita nane kwa sita, unene inchi sita. Akaandika ukutani: 48.

Walibishania kwangu, mezani, mimi nimeshika mwiko wa ugali.

"Fundi, mifuko ninayo thelathini," mume wangu alisema. "Mwaga inchi nne."

"Oya."

"Nyumba ngapi hapa mjini zina inchi nne na zimekaa?"

"Nyumba haipigwi jeki, baba Jeska. Wewe utaweka Fuso zima juu ya kitu kama sahani hii. Inchi nne itapasuka, halafu utasema ni mimi."

"Sitasema."

"Watasema wengine."

"Kwa hiyo nifanyeje? Mvua hiyo inakuja."

"Ngoja itimie arobaini na minane."

Mume wangu akainuka, akasema mzee anajisikia, zege lenyewe si la kwake. Fundi akamaliza nusu yake, akaagiza nyingine, akala, akaondoka. Mafundi wengine wapo, wangemwaga hata inchi mbili ukitaka. Nilimwambia mume wangu amwite mmoja wao. Akasema yule mzee anamuudhi, lakini akimwaga mtu mwingine hatalala usingizi kwa sakafu hiyo. Alikuwa hivyo. Basi akangoja, na mvua za Novemba zikaanza, na yeye akaendelea kupiga jeki juu ya kipande cha ubao kama siku zote.

Ubao uliinama upande mmoja. Nilisikia kishindo nikadhani wameangusha gurudumu. Sitasema zaidi ya hapo, si kwa sababu inaniuma. Ni kwamba nikiisimulia naisikia kama habari ya redioni, ya watu wa mkoa mwingine.

Fundi ndiye aliyejenga kaburi. Hakuitwa na mtu. Alikuja na mwiko na karai, akatazama, hakuvuta uzi wala kuchoma nondo, akasema, "Mitatu." Ilitoka ile mitatu chumbani kwetu, kwenye ile thelathini. Alimwaga, akasawazisha, akapiga niru mpaka juu pakawa laini. Nilikuwa nimekaa pembeni na kina mama, naangalia mwiko wake unavyokwenda na kurudi, nikawaza kwamba anapiga vizuri. Hicho ndicho nilichokiwaza kwenye kaburi la mume wangu. Unene ni inchi sita. Nilisikia kibarua anamwuliza, na yeye anajibu sita. Alipomaliza aliosha mwiko, akaondoka bila kula.

Ishirini na saba iliyobaki sikuigusa. Mvua iliingia upande ule wa chumba, ikaganda yote, ikawa mawe yenye umbo la mfuko. Ndugu wa mume wangu waliitoa nje. Sita iko kwenye kibanda changu, wateja wanaikalia. Mtu akikaa juu yake na kulalamika kwamba benchi langu gumu, namwambia ale haraka.

Watu walisema yao. Kuna waliosema yule mzee kamuua kwa ubishi, wengine wakasema marehemu ndiye mbishi. Mimi niliendelea kusonga ugali. Fundi hakuonekana tena Makanyagio. Nilisikia tu yuko huko Magamba, kazi amepunguza. Kuna kijana aliyekuwa anafanya kazi na mume wangu, sasa anatengenezea magari barabarani juani. Amekuja mara tatu kuniomba gereji aikodi. Mara zote tatu nimemwambia hapana, si juu ya udongo ule. Akaniuliza basi nitaweka sakafu lini. Ile 48 bado iko ukutani, naiona kila ninapokwenda kuchukua kuni.

Mwezi uliopita, saa tisa mchana, wateja wamekwisha, bodaboda ikasimama. Akashuka polepole, dereva amemshika mkono. Aliingia ameangalia chini kama zamani, lakini safari hii hakuwa anapima. Alikuwa anatafuta pa kukanyaga. Macho yote mawili yameingia ukungu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mama Jeska ni wewe?"

"Ni mimi."

Akakaa kwenye mfuko mmoja ulioganda. Akaupapasa, akaupapasa tena kwenye pembe ile iliyokunjwa na kushonwa kiwandani. Akaujua.

"Hii ni ile," akasema.

"Ni ile."

Nikamwuliza atakula nini. Akasema hakuja kula. Nikaona kwamba kama sitauliza sasa hivi, nitakufa nalo. Nikauliza kwa sauti ileile ninayoulizia kama mtu anataka mchuzi.

"Fundi, ungemwaga ile inchi nne, ingekaa?"

Hakushtuka. "Ingeweza kupasuka. Ingeweza kukaa. Sijui, mama Jeska. Hilo nimelihangaikia mwaka mzima mpaka nikaliacha. Silo lililonileta."

"Limekuleta lipi?"

Akanyoosha mkono mezani, akachora kwa kidole, umbo la gereji. Halafu akakata katikati.

"Thelathini ilikuwa inatosha nusu," akasema. "Inchi sita, upande wa mlangoni. Mita nne kwa sita. Ningeweka ubao hapa katikati, nikamwaga mpaka kwenye ubao. Ishirini na mitatu ya zege, miwili ya ardhi. Na mitano ingebaki. Fuso angelipigia jeki hapa, huku nyuma angeweka spea zake mpaka apate mingine."

Nilitazama kile kidole chake. Alikuwa amekibonyeza mezani, amekiacha hapo.

"Si ulisema zege halilali," nikamwambia.

"Halilali. Lakini linakatwa kwa ubao. Nalijua hilo tangu nabeba karai za watu. Niliombwa gereji nzima, nikapima nzima, na marehemu akabishana nzima. Siku ile nusu haikunijia kabisa. Ilinijia mwaka jana, nimelala na haya macho, sina cha kufanya. Nikasema lazima nije nikwambie mwenyewe."

Hasira ikanipanda. Nilitaka kumrushia sufuria. Huyu mzee, ambaye hajawahi kula sahani nzima kwangu, aliyekaa pale pale akaagiza nusu, akala, akaagiza nusu nyingine mume wangu amesimama mbele yake na mifuko thelathini. Na mimi nikiwa nimeshika mwiko. Mimi ambaye siku hiyohiyo nilikuwa nimewapimia nusu watu kumi kabla yao. Sikuiwaza mimi, hakuiwaza mume wangu, hakuiwaza yeye. Nilikaa kwenye mfuko mwingine nikalia, kwa sauti, na mwenye duka la pili akaja kuchungulia akarudi. Msibani sikulia. Fundi hakunibembeleza. Alikaa tu, ameshika fimbo yake.

Niliponyamaza nikainuka nikampakulia. Sikumwuliza kiasi. Akala polepole, anatafuta dagaa kwa vidole, akamaliza. Nikangoja aseme nusu nyingine, hakusema.

"Futi unayo?" nikamwuliza.

"Iko mfukoni. Siioni tena namba zake."

"Nitasoma mimi. Njoo unipimie nusu."

Nikamshika mkono tukaenda nyuma. Akavua viatu. Mambo nilizipigilia mimi kwa jiwe, uzi tukavuta wote wawili, na alinirudisha mara mbili akisema umelegea. Tulianza mlangoni. Nilikuwa nachuchumaa, nasoma, nasema kwa sauti: inchi sita, sita na nusu, sita. Yeye alitembea mbele yangu kwa nyayo, akisimama pale mguu uliposhuka, ananionyesha kwa fimbo. Katikati ya upande ule mguu wake ukashuka akasimama. Hakunionyesha. Kuna kishimo pale, mraba, kina kingo, saizi ya ule ubao wa jeki, na mvua za miaka mitatu hazijakifukia chote.

Nikachuchumaa nikapima kutoka kwenye uzi.

"Ngapi?" akauliza.

"Tisa."

Akaniambia nichukue mkaa niandike chini ya ile ya zamani, maana yeye ukuta hauoni. Nikaenda jikoni nikachukua, nikasimama mbele ya ile 48.

"Ishirini na mitatu ya zege," akasema. "Miwili ya ardhi. Na mmoja wa hapa."

Nikaandika 26.